Shule Mpya Mtaani: Idhini Hutoka kwa Nani?



Katika vitongoji vingi vya pwani yetu kuna jengo moja ambalo kila mtu analijua. Lina vyumba vitatu au vinne, mabati yake yameanza kushika kutu, na ukutani pameandikwa jina la shule. Lilijengwa kwa michango ya msikitini, au kwa fedha za eneo bunge, au kwa hisani ya mtu wa Ghuba aliyekuja siku moja, akakata utepe, akapigwa picha, akaenda zake. Jengo lipo, shule haipo. Mbuzi hujikinga jua humo, na watoto waliokusudiwa kusoma humo hupita mbele yake kila asubuhi wakienda shule ya mbali.

Hatudhani kwamba jambo hili lilisababishwa na uchoyo. Watu wa pwani hutoa, na wakitoa hawaulizi sana. Lililotuponza ni kuanzia mwisho: tunajenga kwanza, kisha ndipo tunauliza ni nani mwenye mamlaka ya kuifanya nyumba hiyo iwe shule ya umma, yenye walimu wanaolipwa na serikali na watoto wasiotozwa karo ya masomo. Swali hilo ndilo tunalolishughulikia wiki hii, na tunalishughulikia sasa kwa sababu lina haraka kuliko lilivyokuwa miaka mitano iliyopita.

Haraka yenyewe ni hii. Tangu Januari 2023, gredi ya 7 hadi ya 9, yaani sekondari msingi, husomeshwa ndani ya shule za msingi zilizokuwapo. Kwa wasichana wetu hilo limekuwa nafuu kubwa, kwani mtoto wa miaka 13 husoma mahali pale pale alipoanzia, kwa walimu wanaojua nyumbani kwao. Lakini kundi la kwanza la mtaala huu lilipangiwa kuingia gredi ya 10 Januari 2026, na gredi ya 10 ni sekondari pevu, shule nyingine, mara nyingi katika mji mwingine. Mjini Mombasa jambo hilo ni nauli ya matatu. Kisiwani Pate huenda likawa safari ya mashua, na kusi ikivuma mzazi hujiuliza mara mbili. Kinango ni mwendo mrefu wa vumbi katika njia isiyo na nyumba.

Hapo ndipo kamba hukatika, na hukatikia upande wa msichana. Husemwa kwa wepesi kwamba baba wa pwani hataki bintiye asome. Wengi tunaowafahamu hawakuikataa elimu, wameikataa njia. Kaka hupakiwa kwenye bodaboda, dada huambiwa angoje, na mwaka ukiisha humkuti tena akingoja shule, humkuta akingoja mume. Shule ya kutwa iliyo karibu ingeyamaliza mabishano hayo bila ya hotuba yoyote.

Sheria haikulisahau neno hili la karibu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 chamwamrisha Waziri wa Elimu, kwa kushauriana na Bodi ya Kitaifa ya Elimu na Bodi ya Elimu ya Kaunti inayohusika, aweke shule za chekechea, za msingi na za sekondari, shule za kuhamahama na vituo vya elimu ya watu wazima katika umbali unaofikika kwa urahisi wa wastani ndani ya kaunti. Yaongezwa shule za bweni kwa maeneo kame na yasiyofikika, na shule maalumu au za mseto kwa watoto wenye ulemavu. Kifungu hakikutaja kilomita ngapi. Wengine huuona huo kuwa udhaifu. Sisi twauona kuwa mlango, kwa sababu umbali wa Kilindini si umbali wa Kiunga, na jamii inayoweza kueleza umbali wake kwa ushahidi ina la kusema mbele ya bodi.

Basi mamlaka ya kuanzisha shule ya umma yako kwa Waziri, na ushauri uko kwa bodi. Lakini katika mazungumzo ya mitaani bodi zote huitwa bodi tu, na hapo ndipo watu hupeleka barua mlango usio wake.

Tuanze na bodi iliyo karibu nasi, Bodi ya Usimamizi ya shule. Kifungu cha 56 chaipa wazazi sita waliochaguliwa na wazazi wenzao, wawakilishi watatu wa mfadhili, mtu mmoja anayeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja wa walimu, mmoja wa makundi maalumu ya jamii na mmoja anayewakilisha watu wenye mahitaji maalumu, pamoja na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Bodi hii haina uwezo wa kufungua shule ya pili. Haiwezi pia kuamka siku moja na kuigeuza shule ya msingi kuwa sekondari. Kazi yake, kwa mujibu wa kifungu cha 59, ni kuangalia maslahi na maendeleo ya shule iliyokabidhiwa, na kuhakikisha kwamba majengo yake yanafaa na yanatosha. Kwa maneno mengine, yaweza kuongeza madarasa na maabara, yaweza kuandaa mpango wa kupanuka na kuupeleka juu, na ushauri wake ndio unaosikilizwa kwanza kwa sababu yenyewe ndiyo inayojua idadi ya madawati na idadi ya watoto wanaokaa sakafuni.

Haiwezi vilevile kuwatoza wazazi fedha za ujenzi kwa uamuzi wake peke yake. Kifungu cha 29 kimekataza karo ya masomo katika shule za umma, na malipo mengine yoyote yahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata yakiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutolipa, na asiyetoa risiti rasmi haruhusiwi kupokea. Tunalisema hili kwa uwazi kwa sababu kina mama ndio wanaokumbana na karatasi ya mchango wa jengo mwanzoni mwa muhula, na wengi hukopa kwenye chama ili mtoto asiaibike. Kuuliza idhini iko wapi si utovu wa adabu.

Na kwa kuwa tumetaja wazazi sita, tuongeze neno. Katiba yetu, ibara ya 27, haitaki jinsia moja ishike zaidi ya theluthi mbili ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Mara nyingi kwenye mkutano wa wazazi wanawake ndio walio wengi viti vya nyuma, na wanaume wachache ndio walio mbele. Mama anayekaa karibu na mlango jina lake halitajwi.

Bodi ya pili ni Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kila kaunti inayo yake, kuanzia Kwale hadi Lamu. Kifungu cha 18 chaipa kazi ya kupanga na kuratibu elimu katika kaunti, kusajili taasisi za elimu na kuweka takwimu zake, na kuchukua hatua ili kila mtoto wa umri wa kusoma aende shule, abaki humo na amalize. Huyu ndiye mlinzi wa lango. Maombi ya shule mpya huanzia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, maafisa wa ubora huja kutazama, afisa wa afya ya umma hukagua vyoo na maji, kisha faili hupanda kwenye bodi. Kabla ya kusajiliwa, jengo halihesabiwi kuwa shule, hata likiwa na watoto mia ndani yake.

Faida ya usajili si heshima ya bango. Shule ya umma iliyosajiliwa hupata mgao wa serikali kwa kila mtoto, na kiwango kilichowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo huchelewa, nazo mara kwa mara hufika zikiwa zimepunguzwa. Hilo kila mwalimu mkuu atakuambia bila ya kuulizwa. Hata hivyo shule isiyosajiliwa haina cha kuchelewa. Na walimu ni hivyo hivyo. Kwa ibara ya 237 ya Katiba, kuajiri na kupanga walimu wa umma ni kazi ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, wala si ya mbunge, gavana au imamu. Tume haipeleki mwalimu penye mabati tu.

Serikali ya kaunti nayo ina eneo lake, ambalo watu huliona dogo kuliko lilivyo. Jedwali la nne la Katiba limeipa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya stadi za nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi na sekondari zimebaki kwa serikali ya taifa. Kwa hivyo anayemwomba gavana sekondari anamwomba asichokuwa nacho. Lakini mtaa unaotaka chekechea ya umma, au mahali ambapo msichana aliyeacha shule atajifunza ushoni, upishi na mitambo, hauna haja ya kwenda Nairobi.

Sasa tuje kwa mfadhili, na hapa twaomba subira kidogo, kwa kuwa neno lenyewe limetupoteza. Kwetu mfadhili ni mtu aliyetoa fedha. Katika Sheria ya Elimu ya Msingi, mfadhili ni mtu au taasisi yenye mchango mkubwa katika maendeleo ya shule kimasomo, kifedha, kimajengo na kiroho. Kifungu cha 43 chasema wazi kwamba shule za umma ni pamoja na zile zenye wafadhili. Na kifungu cha 27 chaeleza kazi zao: kukaa katika bodi, kutoa maoni kuhusu mtaala na vitabu, kusimamia malezi ya kiroho huku wakilinda dini za watoto wengine, na kusaidia kwa fedha na majengo. Yule tajiri wa Ghuba aliyejenga vyumba vinne akaondoka ametenda wema mkubwa, ila si mfadhili kwa maana hii. Hakuna anayeketi kwenye bodi kwa niaba yake.

Makanisa yaliielewa maana hii mapema, kwa kuwa yalikuwa na shule zao tangu enzi za ukoloni; shule zilipoingia mikononi mwa serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1968, yalibaki nazo kama wafadhili. Wazee wetu wakati huo wengi wao waliziogopa shule za misheni, na woga wao ulikuwa na sababu. Juhudi za upande wetu hazikukosekana: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyataka masomo ya dini na ya dunia yakae pamoja, na chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, MIOME, kilipokea wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mchango wa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lakini katika shule za umma za kawaida, idadi ya zile zenye wafadhili Waislamu haikupata kulingana na idadi ya watoto wetu wanaosoma humo.

Uzito wa nafasi hiyo ulionekana katika kesi ya hijabu iliyotoka shule moja ya kutwa huko Isiolo. Mfadhili wa shule, Kanisa la Methodisti, alipinga wanafunzi wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare. Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikawapa wasichana haki yao mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa namna dai lilivyofikishwa. Wazazi wengi walisoma habari hiyo kama habari ya kitambaa. Sisi tuliisoma pia kama habari ya viti vitatu kwenye meza ya bodi.

Jamii inayotoa ardhi na kuanzisha shule ina nafasi ya kuandikwa mfadhili tangu mwanzo, kwa jina la kamati ya msikiti iliyosajiliwa au la jumuiya yenye katiba na hesabu zake. Akiandikwa mtu binafsi, akifa huja warithi. Na akiandikwa mwanasiasa, huja uchaguzi.

Ardhi ndiyo mahali ambapo faili nyingi za pwani hulala. Maombi ya usajili hutaka hati ya kumiliki au mkataba wa kukodi, na Mombasa tuna mtindo wetu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu ana kuta na mapaa lakini udongo chini yake ni wa mwingine anayelipwa kodi. Kwa makazi tumeuzoea. Kwa shule ni hatari, kwa sababu mwenye udongo akiuza, watoto huamkia kwenye ua wa mabati. Hata shule kongwe haziko salama: Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya machozi walipokuwa wakipinga ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Shule hiyo ilikuwa ya umma, katika mji mkuu, na bado uwanja wake ulitamaniwa.

Palipo na wakfu, mambo yana unafuu na yana uangalifu wake. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi, kwa hiyo ni msingi madhubuti kuliko ahadi ya diwani yeyote. Lakini anayesimamia wakfu hana ruhusa ya kuutumia kinyume na alivyokusudia aliyeuweka, na shule ya umma huingia watoto wa dini zote. Haya yazungumzwe na Tume ya Wakfu na mashekhe kabla ya jiwe la kwanza, na yaandikwe: nini kitakodishwa, kwa muda gani, msikiti na kisima vitabaki kwa nani. Tumeona ugomvi wa kisima ukidumu kuliko shule yenyewe.

Huenda baada ya kuyapima haya yote ikaonekana kwamba shule mpya si jibu la mtaa wako. Mara nyingi ardhi haipo, au watoto hawatoshi kuijaza. Lakini shule iliyopo yaweza kuongezwa. Shule ya msingi yenye ekari za kutosha yaweza kuombewa sekondari ya kutwa ndani ya uwanja wake, kwa idhini ile ile ya Waziri kupitia bodi ya kaunti, na hapo gharama ya ardhi imekwisha. Yaweza kuombewa kitengo cha watoto wenye ulemavu, ambao wengi bado wamefichwa vyumbani kwa haya isiyo na msingi. Kwa Waorma na Wardei wa Tana River wanaofuata malisho, sheria imetaja shule za kuhamahama kwa jina, nao wana haki ya kuzidai.

Na lipo jambo moja ambalo Bodi ya Usimamizi yaweza kulifanya bila kungoja mtu. Kifungu cha 59 chairuhusu kuiachia jamii matumizi ya majengo ya shule kwa shughuli halali, kwa masharti ya haki, hata kwa ada ndogo. Madarasa yanayofungwa alasiri yaweza kuwa chuo cha Qur'ani hadi magharibi, maktaba ya wanaojiandaa kwa mitihani, au darasa la ngumbaru kwa kina mama ambao wao wenyewe walikatiwa masomo. Kinachotakiwa ni barua, mlinzi anayelipwa, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye ufunguo. Ikiwa bodi ya mtaani kwako inakataa, iulizwe sababu kwa maandishi.

Kwa walioamua kuomba shule, twawashauri wasianze na mchoro wa jengo. Waanze na daftari. Kila nyumba iandikwe: msichana aliyemaliza gredi ya 9 yuko wapi leo, anatembea muda gani, nauli yake ni kiasi gani kwa wiki, na kama hasomi, aliacha mwezi gani. Kina mama wa mtaa huifanya kazi hii kwa siku chache, kwa sababu hakuna nyumba wasiyoingia. Daftari hilo, azimio la mkutano wa wazazi, karatasi za ardhi na jina la anayeomba kuwa mfadhili viende pamoja kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, ambaye ndiye katibu wa bodi. Nakala moja ibaki kwa kamati ya msikiti, ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea na tarehe ya siku hiyo.